Rakaa Nne za Suhaimu

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awarehemu na atukutanishe nao katika kivuli chake, ya kwamba zamani za kale alikuwako mja mwema akiitwa Suhaimu bin Marzuku, fundi wa kushona viatu, mtu wa maneno machache na haya nyingi. Alikwenda kuhiji pamoja na mkewe, Bi Lubaba, na Mwenyezi Mungu akawajaalia wakatimiza nguzo. Lakini katika kurudi, wakiwa na mwendo wa siku arubaini mbele yao, Bi Lubaba akaugua. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na kila ngamia alipopiga hatua yeye alishika tandiko kwa mikono miwili asianguke. Walipofika mji mdogo wa bondeni uitwao Wadi Humaira, Suhaimu alimshusha mkewe taratibu, akawaambia wenzake wa msafara, "Tangulieni. Sisi tutafuata na msafara ujao, inshallah." Wenzake wakawaachia tende kidogo na dua nyingi, wakaenda zao.

Wakapewa chumba katika nyumba ya wasafiri, ubavuni mwa msikiti. Kilikuwa chumba kidogo, kina dirisha moja, na kutoka dirisha lile ilisikika kelele ya soko tangu jua kuchomoza.

Sasa nisikilizeni habari ya soko la mji ule, maana kisa chetu kimo humo. Upande mmoja walikaa wauza vyakula: mikate ya tanuri, samli, tende, samaki wakavu, asali. Upande wa pili walikaa mafundi: wafinyanzi, wasusi wa mikeka na vikapu, watengenezaji wa ngozi. Na desturi yao ilikuwa hii. Kila muuzaji, kabla hajamuuzia mtu yeyote asubuhi, alitenga kidogo katika alichonacho, akakiweka pembeni na kukifunika kwa kawa. Hilo liliitwa fungu la mpita njia. Msafiri akisimama, muuzaji humwuliza, "Bado u safarini?" Naye akijibu, "Bado," hupewa fungu lake bila swali la pili. Mwenyeji hakuligusa hata awe na njaa ya kumtoa machozi. Maskini wa mji walikuwa na zaka yao na sadaka zao. Hili lilikuwa la watu wa njiani peke yao.

Suhaimu alifundishwa desturi hiyo siku ya kwanza na Bi Thuwaiba, mjane aliyeuza asali ya mkunazi. Mizinga aliirithi kwa marehemu baba yake, na sauti, wallahi, sijui aliirithi kwa nani. Alipomwona Suhaimu anazungukazunguka kama kuku mgeni, alimwita toka mbali: "Wewe mzee! Bado u safarini?"

"Bado, dada yangu," akajibu Suhaimu.

"Sasa mbona unapita kama mtu anayedaiwa? Njoo hapa!" Akamtilia asali katika kibakuli, na asali ile ikawa ndiyo riziki ya Bi Lubaba. Kwa maana kila alichokula kilimrudi. Mkate ulimrudi, uji ulimrudi, tende zilimrudi. Asali iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu ndiyo peke yake iliyokubali kukaa tumboni mwake.

Basi ikawa kila asubuhi Suhaimu huenda sokoni, na akirudi humnywesha mkewe, kisha mkewe humwuliza, "Leo umeona nini?" Bi Lubaba alikuwa msusi wa mikeka, tena msusi hodari, na kulala chali karibu na soko bila kulitembelea kulimuuma kuliko kifua.

"Nimeona vikapu," alisema Suhaimu siku ile ya kwanza.

"Vikapu vipi?"

"Vikapu tu, Mama Mikidadi."

"Subhanallah! Mtu anatoka sokoni ananiambia vikapu tu! Ukili wao ni wa miyaa mingapi? Ukingo wameushonaje? Wametia rangi au wameacha hivihivi?"

Miaka thelathini Suhaimu amelalia mikeka ya mwanamke huyu na hajawahi kuihesabu miyaa yake, yale majani ya ukindu. Kesho yake akachuchumaa mbele ya vikapu vya bibi mmoja msusi, Bi Nusaiba, akawa anafuata msuko kwa kidole huku midomo ikihesabu. Bi Nusaiba akamtazama, akamtazama tena.

"Mzee, unanunua au unakagua?"

"Namwangalizia mwenzangu," akasema Suhaimu, na masikio yakamwiva kwa haya. "Ni msusi kama ninyi. Amelala, hawezi kuja."

Bi Nusaiba akaacha mzaha. Akakata kipande cha ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa kikapu, cha shubiri moja, akampa. "Mpelekee aguse. Mwambie ni miyaa tisa, na ukingo tunaushona kwa kurudi nyuma." Bi Lubaba alikishika kipande kile mchana kutwa, akikipapasa kwa vidole, na akalala nacho. Tangu siku hiyo Suhaimu alilitazama soko kwa macho mawili, lake na la mkewe. Alimsimulia juu ya mwoka mikate anayepiga unga ukutani mwa tanuri bila kuungua, na mfinyanzi anayeugombeza udongo kama mtoto mkaidi, na muuza samaki anayewaapia wateja kwamba samaki wake walikuwa wanasali. Bi Lubaba hufumba macho akasikiliza, na mara nyingine akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Wallahi walikuwa na raha, katika hali ile ile ya dhiki.

Siku saba zikapita hivyo, na kila siku Suhaimu akiswali swala ya msafiri, rakaa mbili mahali pa nne, na mkewe akimfuata nyuma kwa kulala. Kila siku walisema, "Labda kesho msafara utapita, labda kesho utapata nguvu."

Siku ya nane, kabla ya adhuhuri, alikuja tabibu wa mji. Akamshika Bi Lubaba mkono, akasikiliza kifua, akatoka, akamwita Suhaimu mlangoni. "Moyo wa mkeo umechoka," alisema. "Akitulia mahali pamoja anaweza kuishi na akaona miaka. Ukimpandisha juu ya ngamia, utamzika kabla ya kituo cha tatu. Huyu asisafiri tena, si mwezi huu wala mwakani." Akamwombea dua, akaenda zake.

Suhaimu alisimama pale mlangoni, na mwadhini akaadhini. Akarudi ndani, akatawadha, akatandika msala. Bi Lubaba akajifunika ushungi vizuri, tayari kumfuata.

Hapo ndipo shetani alipomjia Suhaimu, na alimjia kwa mlango wa elimu, ndugu zangu, maana kwa watu wema huo ndio mlango anaoupenda. Akamnong'oneza: "Usinuie kukaa. Iache nia yako ining'inie. Mwenye kukwama kwa haja yake, akitaraji kuondoka leo au kesho, hubaki msafiri hata siku kumi na nane, ndivyo ulivyosomeshwa. Bado una siku kumi za asali. Na nani atakayejua? Nia iko kifuani." Maneno yale yalikuwa na ladha, kwa kuwa mkewe alikuwa amelala nyuma yake na hakuna kingine kilichokaa tumboni mwake. Wewe na mimi tungeyameza bila kutafuna.

Lakini Suhaimu alijua kwamba hatarajii tena. Moyo wake ulikwisha kukaa Wadi Humaira pale pale mlangoni. Angesimamaje mbele ya Mola wake ajiite msafiri, hali hana safari? Akainua mikono, akafunga swala.

Rakaa ya kwanza ikaisha, na ya pili. Wakasoma tahiyatu. Bi Lubaba akangoja salamu kama alivyoizoea siku zile. Salamu haikuja. Suhaimu alisema "Allahu Akbar," akainuka kwenda rakaa ya tatu.

Bi Lubaba akamfuata. Machozi yalimtoka yakiingia masikioni, maana alikuwa chali, lakini alimfuata mpaka ya nne, akatoa salamu naye.

"Umeswali nne, Baba Mikidadi."

"Nimeswali nne."

"Kwa hiyo haturudi."

Suhaimu akageuka, akamsogelea, akamweleza yote aliyosema tabibu, hakumficha hata herufi. Bi Lubaba akalia sana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Mikidadi, mtu mzima mwenye watoto wake, na alikuwa amemwahidi kurudi. "Si kifo ninachokiogopa," akasema. "Naogopa kufia ugenini. Mama yangu nilimwosha kwa mikono yangu hii. Dada zangu wote wawili niliwaosha. Mimi nitaoshwa na nani? Na watu wasiojua hata jina langu? Nitazikwa kule pembeni walikozikwa wageni, na mwanangu akija asijue ni lipi langu."

"Nipo mimi," akasema Suhaimu.

"Upo, alhamdulillahi. Lakini kwa desturi maiti wa kike huoshwa na wanawake, mume wangu, nawe huku huna dada wala shangazi." Akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Na asali ya kesho?"

Suhaimu akakitazama kibakuli cha asali.

"Hatuichukui," akasema Bi Lubaba. "Fungu la njia lina wenyewe, na sisi si wenyewe tena. Mungu hakutuleta kwenye Nyumba yake ili turudi tukale haki za watu."

Basi asubuhi ya siku ya tisa Suhaimu alishika njia ya sokoni, akiwa na nia ya kutafuta kibarua. Njia ilipita mbele ya Bi Thuwaiba, na haikuwapo nyingine. Bi Thuwaiba alikuwa amekwisha kulifunua fungu. "Mzee Suhaimu! Mgonjwa ameamkaje? Bado u safarini?"

Kusema "bado" hakuweza. Kusema "nimekwisha kukaa, sina ngamia, sina akiba, sina mbele wala nyuma," mbele ya soko zima, hakuweza vilevile, kwa ile haya yake. Akainamisha macho. "Leo sitachukua, dada. Niwie radhi." Akapita mbiombio.

Masikini Suhaimu, hakujua kitu kimoja ambacho kila mtoto wa Wadi Humaira alikijua. Katika mji ule msafiri alihesabiwa kuwa shahidi. Hana ndugu sokoni wala mpinzani, hana cha kupata wala cha kukosa. Kwa hiyo msafiri akilikataa fungu la muuzaji, watu husema ameona ila, yaani kasoro, katika bidhaa ile. Miaka mingi nyuma mwuza samli mmoja alikimbia mji kwa sababu wasafiri wawili walilipita fungu lake.

Naye, kwa kutojua, akazidisha kosa juu ya kosa. Alipata kibarua kwa mfinyanzi, akakanda udongo mpaka mchana, akalipwa chungu kipya. Akataka kukibadilisha kwa asali. Lakini atakwendaje kwa Bi Thuwaiba, mwanamke ambaye asubuhi amemkimbia? Akaona haya. Akazunguka hadi mwisho wa soko, akabadilishana na mwuza asali mwingine, akaficha kibakuli chini ya joho, akarudi nyumbani akidhani hakuonekana. Jamani, sokoni! Watu waliomwona hawakupungua ishirini.

"Kalikataa la bure kwa Thuwaiba, kaenda kununua kwa mwingine!"

"Mimi nilikuwa naona, asali yake siku hizi nyepesi."

"Ametia shira ya tende, hakuna jingine. Lisemwalo lipo."

Na hao walionena hivyo, ndugu zangu, juzi tu walikuwa wakilamba vidole hapo hapo kwake.

Nyumbani, Bi Lubaba aliyanywa maji yale ya asali, akaondoa kibakuli mdomoni. "Hii si ya Thuwaiba."

Suhaimu akamsimulia yaliyopita.

"Ulimwambia kwa nini hukuchukua?"

"Niliona haya."

"Mwanamke ametulisha siku nane, wewe ukampa kisogo bila sababu. Angekuwa mtu amekufanyia hivyo wewe, ungelala? Kesho nenda ukamwambie, Baba Mikidadi. Umaskini si dhambi."

Suhaimu alipofika sokoni asubuhi, kibanda cha Bi Thuwaiba kilikuwa kimya. Mitungi yote ya asali ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe na kufungwa kamba, na kamba zina muhuri wa muhtasibu, msimamizi wa soko. Bi Thuwaiba mwenyewe amekaa nyuma yake, mikono mapajani, hamwiti mtu. Suhaimu akashtuka. Akamkimbilia Bi Nusaiba kuuliza kuna nini, na Bi Nusaiba, ambaye siku zote alikuwa na mzaha, hakumwitikia hata salamu vizuri.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyefanya?"

"Nimefanya nini, bibi?"

"Ulilikataa fungu lake ukaenda kununua kwa mwingine. Mji mzima unasema asali yake ina shira. Muhtasibu ameifunga mitungi, na asipopatikana wa kumsafisha mpaka kesho kutwa, kibanda kinachukuliwa na jina lake linatangazwa. Yule hana mume wala mtoto. Ana jina la baba yake na nyuki. Tulimwambia akufuate akuulize, akakataa. Alisema, 'Siwezi kumfuata mgonjwa kitandani nikadai anisifie asali.'"

Suhaimu alidhani amejiepusha na haramu, akaondoka na heri zake. Kumbe amelinda tumbo lake na la mkewe, na heshima ya mja mwingine ameiacha njiani ikakanyagwa. Jambo moja zuri alikuwa nalo: hakukaa kujililia. Alimtafuta muhtasibu, akamkuta kwenye mizani ya tende, akamwomba aje mbele ya kile kibanda. Watu wakafuata, maana watu wa sokoni hawahitaji kualikwa.

Suhaimu akasimama mbele ya mitungi iliyofungwa. Mtu aliyeona haya kusema neno moja jana, leo soko zima linamsikiliza.

"Enyi watu wa Wadi Humaira," akasema, "asali ya mama huyu haina ila. Mke wangu ameishi kwayo siku nane. Niliikataa kwa sababu fungu hili ni la msafiri, na mimi si msafiri tena. Mke wangu ni mgonjwa wa moyo, tabibu amesema asipande ngamia. Tumenuia kukaa. Hatuna mali wala jamaa hapa. Niliona haya kuyasema hayo, nikanyamaza, na kimya changu kimemdhulumu mtu aliyenitendea wema. Kosa ni langu. Mwenye kutaka kuniadhibu na aniadhibu, lakini mfungulieni mitungi yake."

Muhtasibu alikuwa mzee mwenye elimu yake. Akamwuliza kwa upole, "Lini ulinuia kukaa?"

"Juzi, kabla ya kufunga swala ya adhuhuri."

"Uliswali ngapi?"

"Nne. Mke wangu ni shahidi, alikuwa nyuma yangu."

"Na fungu la mwisho ulilichukua lini?"

"Asubuhi ya siku hiyo hiyo, nikiwa bado msafiri."

Muhtasibu akatikisa kichwa taratibu, akapangusa macho kwa kilemba chake, akachomoa kisu na kuzikata zile kamba mwenyewe, moja baada ya moja. Wale waliosema habari ya shira walianza kutazama viatu vyao.

Bi Thuwaiba akasimama. Watu walidhani atamshukuru, au atalia. Loo! "Mzee wewe!" akapaaza sauti mpaka njiwa wakaruka paani mwa msikiti. "Hilo tu? Usiku kucha sikulala, nimeonja kila mtungi mpaka ulimi umekufa ganzi, natafuta nimekosea wapi, kumbe wewe unaona haya? Haya gani hiyo ya kumuua mtu?"

"Nisamehe, dada yangu."

"Nakusamehe, lakini kwanza nikuulize. Fungu la msafiri umelikataa, sawa, umefanya kama afanyavyo mtu mwenye kumwogopa Mungu. Haki ya jirani je, ulinipa nafasi ya kukuuliza? Mtu amehamia ubavuni mwangu tangu juzi, mke ni mgonjwa, na mimi sijapeleka hata maji! Nitamjibu nini Mola wangu? Msafiri ana siku zake. Jirani nimeusiwa mpaka nife." Hapo akajifunika uso kwa ushungi akalia, na Suhaimu naye akalia, na muhtasibu akageukia upande wa pili kana kwamba anatazama mizani.

Bi Thuwaiba hakuuza asali siku hiyo. Alifunga kibanda, akachukua mtungi mdogo, akamfuata Bi Nusaiba, na wanawake wengine watatu wa vikapu wakaacha kazi zao, wakaenda wote nyumba ya wasafiri. Bi Lubaba alipoona mlango umejaa wanawake alijaribu kuinuka akashindwa. "Mume wangu amewakosea," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naila hiyo asali. Nisameheni mimi."

"Nyamaza, dada," akasema Bi Thuwaiba, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa akakilaza kifuani pake na kumnywesha kwa mkono wake. "Jina lako nani? Siku zote nasikia mgonjwa, mgonjwa."

"Lubaba binti Amiri."

"Lubaba binti Amiri," wakarudia wale wanawake, mmoja mmoja, kama wanaojifunza sura mpya chuoni. Bi Nusaiba akamwekea fungu la miyaa kitandani, akamwambia, "Haya, fundi, tuonyeshe ukili wa kwenu. Huyu mumeo ametukagulia wetu mpaka tumechoka." Bi Lubaba akacheka huku analia. Vidole vyake vilikuwa dhaifu, akasuka kiasi cha nusu shubiri tu, lakini wakakisogelea wakakigeuzageuza, wakataka kujua ameanzaje. Akawafundisha.

Suhaimu na mkewe hawakuondoka tena katika mji ule. Suhaimu alifungua kibanda cha viatu kando ya watengeneza ngozi, na Bi Lubaba aliishi miaka miwili na miezi kadhaa, akisuka kitandani siku alizoweza, na hapakupita siku mlango wake haukubishwa na mwanamke wa soko. Mwezi wa Rajabu wa mwaka wa tatu, Mwenyezi Mungu akamchukua, asubuhi, baada ya kuswali.

Mwanawe, Mikidadi, alikuwa njiani kuja kumwona. Habari za msiba alizipata kwa watu wa msafara aliokutana nao, akaingia Wadi Humaira siku ya nne, mavumbi mwilini na macho mekundu. Hakwenda hata kwa baba yake. Alikwenda moja kwa moja makaburini, pembeni, walikozikwa wageni, akawa anatoka kaburi hili anakwenda lile, anatafuta lililo jipya. Hakuliona. Akamwona mwanamke mtu mzima, mgongo umepinda kidogo, anapita na ndoo ya maji.

"Mama," akasema Mikidadi, "namtafuta mgeni mmoja aliyezikwa hapa juzijuzi. Anaitwa Lubaba binti Amiri."

Bi Thuwaiba akaweka ndoo chini. Akamtazama uso, akamjua. "Huku wamelala wageni, mwanangu," akasema. "Mama yako hayuko huku."

Akamtangulia mpaka ndani, penye makaburi ya watu wa mji, akamsimamisha mbele ya udongo mbichi uliomwagiwa maji asubuhi ile. "Kulia kwake ni mama yangu mzazi," akasema. "Kushoto ni pangu."

Mikidadi akaanguka magotini. Alipoweza kusema, aliuliza jambo moja tu, lile aliloogopa njia nzima. "Nani alimwosha?"

Bi Thuwaiba akakunjua viganja vyake viwili, akamwonyesha.

Ndugu zangu, waja wema wale walikwisha kutangulia, na sisi tuko nyuma yao na nia zetu kifuani, zile tunazozijua sisi na Mola wetu. Tumwombe atujaalie nia safi kama ya Suhaimu alipoinuka kwenda rakaa ya tatu, na atujaalie pia ulimi wa kuisema mapema, kabla kimya chetu hakijamwumiza mwenzetu. Na yule aliyehamia karibu nawe wiki hii, ambaye hujamwuliza jina, ukitoka hapa kamwulize.